Kadi ya Grafiki Husingiziwa: Uchambuzi wa Kompyuta za Nyumbani Juba

Kompyuta ya nyumbani ikileta giza mjini Juba, hukumu hutangulia ushahidi. "Fundi, kadi imekufa," mteja husema hata kabla hajaiweka mashine mezani, na fundi, hasa kama ana kadi nyingine ya kuuza, haoni sababu ya kubisha. Mara nyingi kadi hiyo ni nzima. Kosa liko kwenye umeme unaoingia, kwenye pawa saplai, kwenye joto la chumba, kwenye waya wa skrini au kwenye programu. Kadi ya grafiki inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayotoa picha, na chochote kinachoharibika nyuma yake hujitokeza kwenye picha.

Maelekezo mengi ya kutafuta hitilafu za kadi yameandikwa na watu wanaoishi mbali na hapa, na yanachukulia mambo matatu kuwa ya kawaida: umeme wa ukutani hauyumbi, chumba kina digrii 22 au chini ya hapo, na duka lililouza kadi litaipokea ikirudishwa. Ndiyo maana yanaanza na draiva na kuishia na dhamana. Mkazi wa Juba akiyafuata kwa mpangilio huo atatumia bando lake la intaneti kushusha programu ya mamia ya megabaiti, ataisakinisha, na mashine itazima vilevile jenereta ya jirani ikiwashwa. Hapa uchunguzi unapaswa kuanzia kwenye soketi ukutani na kusogea ndani hatua kwa hatua, kadi yenyewe ikiwa mshukiwa wa mwisho.

Umeme, basi, na nitakaa hapa kidogo. Tangu uhuru wa Sudan Kusini wa tarehe 9 Julai 2011 hadi mwishoni mwa 2019, sehemu kubwa ya Juba iliishi kwa jenereta: hoteli na yake, ofisi na yake, nyumba yenye uwezo na yake. Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa dizeli wa megawati 33 uliojengwa na kampuni ya Ezra, na umeme wake ukaanza kusambazwa na JEDCO, ubia wa kampuni hiyo na shirika la umeme la serikali. Nyumba nyingi zikaunganishwa. Nyingine nyingi, hasa za pembezoni, zikabaki na jenereta ndogo za petroli na paneli za sola zenye inveta na betri. Hata waliounganishwa hawakukimbilia kuuza jenereta zao. Matokeo yake ni kwamba kompyuta moja ya mtaa wa Gudele au Munuki inaweza, ndani ya siku moja, kulishwa na gridi asubuhi, ikahamia kwenye jenereta jioni na kumalizia usiku kwenye betri.

Kila uhamaji wa namna hiyo ni mtihani kwa pawa saplai. Kanuni za ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, zinataka pawa saplai iendelee kulisha mashine kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kukatika, na UPS ya bei nafuu huchukua milisekunde kadhaa, pengine kumi, kuhamia kwenye betri. Pawa saplai mpya hulivuka pengo hilo bila mtumiaji kujua. Ile iliyotumika ofisini miaka minane huko Ulaya kabla ya kuletwa huku, ambayo kapasita zake zimeshakaushwa na joto, hailivuki, na hasa hailivuki kadi ikiwa kwenye kazi nzito. Mtu akiandika barua, mashine inastahimili. Akifungua mchezo au akianza kutoa video ya harusi, inazima. Anahitimisha kwamba kadi ndiyo mbovu, kwa kuwa balaa huja kadi inapofanya kazi. Lakini kadi inapofanya kazi ndipo pia pawa saplai inapodaiwa wati nyingi kuliko wakati wowote, na mdaiwa huyo ndiye aliyeishiwa.

Hesabu ya wati inastahili kufanywa kwa kalamu kabla ya kununua chochote. Tundu la PCIe kwenye bodi mama hutoa wati 75 kwa kadi, basi. Kiunganishi cha pini sita huongeza 75, cha pini nane huongeza 150. GT 1030 inakula wati 30 tu. GTX 1050 Ti na GTX 1650 za kawaida zinakula 75 na huhitaji tundu peke yake. RX 580 inataka 185 na lazima ipewe waya wake. Sasa angalia mashine zilizojaa madukani: Dell OptiPlex na HP za ofisini, mitumba safi, imara, lakini zenye pawa saplai ndogo ya umbo lake maalumu na bila waya wa pini sita. Mafundi wengine hulitatua hilo kwa adapta inayotoa umeme kwenye kiunganishi cha SATA na kuupeleka kwenye pini sita. Kiunganishi cha SATA kimetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukikidai 75 kila siku, plastiki yake hulainika, huwa nyeusi, na siku moja hutoa moshi. Sioni sababu yoyote ya kuitumia adapta hiyo, hata kwa muda.

Ni vizuri pia kutazama kibandiko cha pawa saplai badala ya namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Kinachohesabika kwa kadi ni ampea za laini ya volti 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 18 tu kwenye laini hiyo ina wati 216 za kweli kwa kadi na prosesa. Zilizobaki ni mapambo. Multimita ya bei ndogo inatosha kuhakikisha: chomeka ncha zake kwenye waya wa njano na mweusi wa kiunganishi cha pini nne cha zamani, endesha mchezo au kipimo cha kadi, utazame. Kanuni inaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka hadi 11.2 wakati kadi inafanya kazi, kesi imekwisha. Usiifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ziko ajali mbili za umeme ambazo ni nadra kuandikwa. Ya kwanza ni ya mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Sudan Kusini inatumia volti 230. Mashine iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa Juba hulia mara moja kwa kishindo, na mwenyewe akidhani kadi imeungua atakuwa amekosea kwa sehemu tu: pawa saplai imekufa, kadi huenda imenusurika. Ya pili hutokea polepole zaidi. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi, au upo kwenye soketi bila kufika ardhini. Kasha la kompyuta isiyo na ardhi huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani kwa sababu ya kapasita za kichujio zilizo ndani ya pawa saplai. Ndiyo ule umeme unaotekenya ukigusa chuma kwa nyuma ya mkono. Mkondo wake ni mdogo, haumuui mtu, lakini ukichomeka waya wa HDMI kati ya kompyuta hiyo na televisheni huku vyote vikiwa vimewashwa, unaweza kupita kwenye saketi dhaifu za mlango wa HDMI na kuziua. Kadi inabaki nzima, mlango mmoja hautoi picha tena. Jaribu mlango mwingine kabla ya kuomboleza, na tangu hapo zima na uchomoe vyote viwili ukutani ndipo uunganishe waya. Fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini ni ya bei ndogo kuliko kadi yoyote.

Joto ndilo la pili, na Juba hailifichi. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45, na Februari 2025 ikafunga tena. Kadi haiwezi kupoa chini ya joto la hewa inayoivuta. Feni na mapezi ya alumini huweka tofauti fulani kati ya chipu na hewa, na tofauti hiyo haibadiliki sana: kadi inayofika digrii 70 kwenye chumba cha 22 itakaribia 86 kwenye chumba cha 38. Kadi nyingi za GeForce huanza kujipunguzia kasi zikifika karibu 83. Kwa hiyo kadi ileile, ikiwa nzima kabisa, itaonekana mbovu Machi na kupona yenyewe mvua zikianza. Mteja aliyebadilisha kadi mwezi Machi na kuona nafuu mwezi Mei atasema kadi mpya ndiyo iliyotibu.

Vumbi la kiangazi huongeza chumvi kwenye kidonda. Huingia kati ya mapezi na kutengeneza blanketi ambalo huwezi kuliona bila kuondoa kifuniko cha feni. Watu hupeleka kasha kwa mziba pancha likapulizwe kwa kompresa. Inafaa nusu nusu: kompresa ya matairi hutema maji na mafuta pamoja na hewa, na feni ikizungushwa kwa kasi ile bila kushikiliwa huharibika beringi. Brashi laini ya rangi, blowa ndogo ya mkono na kidole kimoja kilichoshikilia feni hufanya kazi bora. Kadi iliyopita miaka mitano inahitaji pia grisi mpya ya kupooza chipu. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama chokaa, na kuibadilisha kunaweza kushusha digrii kumi au zaidi. Kazi hiyo ni ya skrubu nne na uvumilivu. Pedi za memori zisichanike, na kama zimechanika ziwekwe nyingine za unene uleule.

Ushauri ninaoupenda zaidi kwa mji huu, na ambao mafundi hawausemi kwa kuwa hauwaingizii kitu, ni kuipunguzia kadi kazi. Programu kama MSI Afterburner inaruhusu kushusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 75 au 80 ya kawaida. Kasi hupungua kidogo tu, kwa sababu wati za mwisho ndizo zinazotoa faida ndogo kabisa, lakini joto na madai kwa pawa saplai hupungua sana. Ukiongeza kikomo cha fremu 60 kwa sekunde kwenye mchezo, kadi haitachoma mafuta ya jenereta kutengeneza picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Wengi wa wanaodhani wanahitaji kadi mpya wanahitaji dakika tano za mipangilio hii.

Baada ya umeme na joto ndipo tunaweza kuisoma skrini yenyewe, na hapa kuna majaribio matatu ya bure yanayotenganisha washukiwa haraka kuliko kifaa chochote. La kwanza: ikitokea mistari, miraba au madoa ya rangi, piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, uihifadhi, uitume kwenye simu. Ikiwa madoa yamo kwenye picha hiyo unapoitazama kwenye simu, yalitengenezwa ndani ya kadi au kwenye draiva. Ikiwa picha ni safi, kosa liko kati ya kadi na macho yako: mlango, waya, adapta, skrini. La pili: washa mashine na uingie kwenye BIOS, kabla Windows haijapakiwa. Madoa yanayoonekana hata huko hayatokani na draiva, kwa sababu draiva bado haijaamka. Hapo memori ya kadi inashukiwa kwa haki. Yanayoonekana kwenye Windows peke yake, au kwenye mchezo mmoja tu, yana uwezekano mkubwa wa kuwa ya programu. La tatu, ambalo husahauliwa kwa urahisi wake: chomoa kadi kabisa, chomeka skrini kwenye mlango wa bodi mama, tumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa kwa siku chache. Mashine ikiendelea kuzima, kadi imeachiwa huru. Jaribio hili halifanyiki kwa prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, wala kwa Ryzen nyingi za zamani zisizo na herufi G, kwa kuwa hazina grafiki ya ndani.

Skrini nyeusi kabisa ina visababishi vya aibu. Mashine yenye kadi ina milango miwili ya skrini, wa bodi mama na wa kadi, na watu huchomeka kwenye wa bodi mama, ambao mara nyingi hujizima kadi ikiwekwa. Halafu kuna VGA. Skrini za zamani za VGA bado zinauzwa, lakini kadi za kizazi cha GTX 10, kilichotoka 2016, hazitoi mawimbi ya analogi. Adapta ya kawaida ya DVI kwenda VGA, ile isiyo na chipu ndani, haiwezi kuzisaidia. Inahitajika ile inayobadilisha mawimbi yenyewe. Kadi iliyolegea kwenye tundu baada ya safari ya barabara pia huleta giza: ichomoe, safisha meno ya dhahabu kwa kifutio laini na spiriti, irudishe mpaka kishikizo kilie. Mashine za BIOS ya Award hulia mlio mmoja mrefu na mifupi miwili zisipoiona kadi. Watengenezaji wengine wana milio yao, na kitabu cha mashine ndicho cha kuamini. Na kama mashine haiwaki kabisa kadi ikiwemo, lakini inawaka mara kadi ikitolewa, hapo kuna shoti kwenye sehemu ya umeme ya kadi. Hiyo ni hukumu halali.

Draiva nimeiweka nyuma, ila si kwa sababu ni jambo dogo. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 kujibu. Isipojibu, Windows huiamsha upya draiva, skrini hufifia kisha hurudi, na tukio namba 4101 huandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Ikishindikana kuamka, skrini ya bluu huja na jina VIDEO_TDR_FAILURE. Ujumbe huo husomwa kama cheti cha kifo cha kadi, ilhali unasema tu kwamba kadi haikujibu kwa wakati. Sababu inaweza kuwa volti iliyoshuka, joto, draiva mbovu au kazi nzito kupita kiasi. Watengenezaji wenyewe wamewahi kuwa chanzo. Machi 2010 Nvidia iliondoa draiva 196.75 baada ya watumiaji kulalamika kwamba feni hazikuongeza kasi na kadi zilipata joto kupindukia. Septemba 2020 kadi mpya za RTX 3080 zilikuwa zikiangusha michezo, dunia nzima ikawalaumu watengenezaji kwa aina ya kapasita walizotumia, na kabla mwezi haujaisha draiva 456.55 ilikuwa imetuliza sehemu kubwa ya kelele. Hata walio na maabara walikimbilia kulaumu chuma.

Kwa mtumiaji wa Juba, ugumu wa draiva ni bando. Kebo ya nyuzi kutoka mpaka wa Uganda ilifika mjini mwaka 2020, lakini nyumba nyingi bado hutegemea simu, na draiva moja ya Nvidia au AMD inaweza kukaribia gigabaiti moja. Ndiyo maana faili la draiva iliyothibitika linafaa kuhifadhiwa kwenye flashi na kuazimana kama mtu anavyoazima pampu ya baiskeli. Kinachovuruga ni Windows Update, ambayo hushusha draiva yake usiku bila kuuliza na kuiweka juu ya ile nzima. Dawa ni kuzima intaneti, kuingia Windows katika hali salama, kufuta kila kitu kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha kusakinisha ile ya kwenye flashi kabla ya kuunganisha tena mtandao. Aliye na kadi ya zamani ya Nvidia asitafute draiva mpya kabisa: kwa familia ya Fermi mwisho ni toleo la 391, na kwa Kepler ni la 470. Kabla ya yote hayo, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huamsha upya draiva bila kuzima mashine, na kama picha inarudi, kazi uliyokuwa hujaihifadhi imeokoka.

Wapo washukiwa wenye hatia. Julai 2008 Nvidia ilikiri kwamba chipu zake kadhaa za kompyuta za mapajani zilikuwa na udhaifu katika vifaa vya kuunganisha chipu na kitako chake, ikatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa gharama hizo. Kuwaka na kupoa kila siku kulizipasua ndani. Enzi hizo ndipo iliposhamiri desturi ya kuioka kadi kwenye oveni au kuipuliza kwa blowa ya moto. Huo ndio ushauri mbaya zaidi unaozunguka mpaka leo. Joto hupanua viungo vilivyopasuka, vikagusana kwa siku au wiki kadhaa, kisha vikaachana. Wakati huohuo mvuke wa madini na plastiki umeingia kwenye oveni ya chakula. Fundi anayerudisha kadi iliyookwa akiiita imetengenezwa ameuza muda tu. Kubadilisha chipu ya memori kwa mashine maalumu ni tiba halisi, na wako mafundi wa simu wenye mkono wa kuifanya, lakini gharama yake hukaribia bei ya kadi ndogo iliyotumika.

Soko la mitumba lina hatari zake. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikikesha kwa miezi zikamwagika sokoni duniani. Sizikatai kwa jumla. Nyingi zilifanya kazi kwa nguvu iliyopunguzwa na joto lisilopanda na kushuka, jambo ambalo chipu hulivumilia. Feni zake ndizo zilizochoka, na memori inahitaji kupimwa. Wabaya ni waghushi. Kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, hubadilishiwa programu ya ndani zikajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Zikiwekewa draiva halisi hukwama au huonyesha kosa namba 43, na mnunuzi hubaki akipambana na draiva miezi mizima. Tangu 2018 programu ndogo ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika neno la onyo mbele ya jina. Na kuna dalili isiyohitaji programu: 1050 Ti yenye mlango wa VGA ni ya kughushi, kwa sababu niliyoitaja ya mawimbi ya analogi.

Yote haya yana bei. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na bidhaa nyingi za dukani hupanda kutoka Mombasa kupitia Kampala, zikavuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha zikafuata kilomita 192 za lami hadi Juba. Kadi ikifika imeshabeba nauli, ushuru na faida za mikono kadhaa, na mwenye duka huitaja bei yake kwa dola. Kuirudisha Luthuli Avenue ya Nairobi, kama ndiko ilikonunuliwa, ni gharama nyingine. Kwa hiyo dhamana ya kweli ni dakika thelathini za dukani: mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine yake, fungua GPU-Z usome jina na memori, endesha kipimo kizito huku ukitazama joto na kusikiliza feni, jaribu kila mlango. Muuzaji anayekataa amekujibu. Na ukitaka kulinganisha kadi nyumbani, peleka kadi inayoshukiwa kwenye mashine nzima ya rafiki. Usiazime kadi yake ukaichomeke kwenye mashine inayoshukiwa, kwa kuwa pawa saplai mbovu iliyomaliza ya kwanza haitaihurumia ya pili.

Kuna swali ambalo mara nyingi haliulizwi kabisa: je, kadi inahitajika? Mhariri wa video za harusi na nyimbo anaihitaji, kama anavyoihitaji msanifu majengo anayezungusha michoro ya pande tatu. DaVinci Resolve bila kadi yenye memori ya kutosha ni mateso. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Juba anayeandika tasnifu, mhasibu wa shirika, familia inayotazama filamu jioni, hao hawaihitaji. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel za muongo uliopita inaonyesha filamu za HD bila kutetereka, haina feni yake ya kuchakaa, na haiongezi wati zaidi ya zile za prosesa yenyewe. Kwa hao, kadi iliyoleta kesi itolewe ikiwa bado nzima, iuzwe, na fedha zake zinunue stabilaiza, UPS yenye betri mpya na fimbo ya ardhi.